Baridi Ilipoingia, Mtambo Ukanguruma

Uingereza ya miaka ya 1990 ilijenga vituo vya umeme wa gesi kwa kasi ambayo sijaiona tena popote. Mashirika ya umeme yalikuwa yameanza kubinafsishwa mwaka 1990, gesi ya Bahari ya Kaskazini ilikuwa tele, na migodi ya makaa ya mawe ilikuwa ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Roosecote, kule Barrow-in-Furness, ndicho kilichotangulia, mwaka 1991. Mwaka 1993 kikafuata cha Teesside chenye megawati 1,875, wakati Tanzania nzima haikuwa na uwezo wa kufua hata nusu ya umeme huo. Nami nilikuwa nimetoka nyumbani kwenye mgao wa umeme. Ukame ulikuwa umeshusha maji ya bwawa la Mtera, na Dar es Salaam ilikuwa ikikaa gizani kwa zamu, mitaa hii leo, ile kesho. Niliposimamishwa mbele ya mtambo mmoja, nikaambiwa kwamba huo peke yake unatosha kuwasha mji mkubwa, sikuhitaji kubembelezwa ili nisikilize.

Nilikuwa kijana wa Tanga niliyesoma uhandisi wa mitambo pale chuo kikuu cha Mlimani, nikaenda kuongeza masomo, kisha nikaajiriwa na mkandarasi aliyekuwa akikamilisha kituo kimoja cha pwani ya mashariki ya Uingereza. Jina la kituo silitaji, wala la kampuni iliyotengeneza mtambo. Yaliyotupata sisi yaliwapata wengi waliokuwa na mitambo ya kizazi kile, Ulaya na Marekani, na kumtaja mmoja ni kumwonea.

Lazima kwanza nieleze moto wenyewe. Katika mitambo ya zamani, gesi na hewa vilikutana ndani ya mwali. Mwali wa namna hiyo ni mgumu kuuzima na hausumbui, lakini kitovu chake huzidi nyuzi 2,000 za Selsiasi, na kwenye joto hilo nitrojeni ya hewani, ambayo kwa kawaida haigusani na kitu, huungana na oksijeni. Yakov Zeldovich, mwanafizikia wa Kisovieti, alieleza katika miaka ya 1940 jinsi muungano huo unavyofanyika, na jinsi unavyopaa kila joto linapoongezeka kidogo. Hizo oksidi za nitrojeni ndizo zinazotanda ukungu wa kahawia juu ya miji, na ndizo zinazochangia mvua yenye asidi. Serikali zilipoanza kubana, dawa ya kwanza ilikuwa kunyunyizia maji kwenye mwali ili upoe. Inafaa, ila maji hayo yawe safi kabisa, na yatakiwa mengi, yanayokaribia uzito wa gesi yenyewe.

Ndipo ikaja njia bora: changanya kwanza, choma baadaye. Gesi huingizwa kwenye hewa kabla ya kufika kwenye mwali, navyo huchanganyika njiani, na hewa huwekwa karibu mara mbili ya ile inayotosha kuunguza gesi hiyo. Mwali mwembamba wa namna hiyo hubaki karibu na nyuzi 1,500. Mitambo iliyokuwa ikitoa oksidi hizo kwa zaidi ya sehemu 100 katika kila milioni ya moshi wake ikashuka hadi 25, na baadhi baadaye hadi 9. Mimi naihesabu hiyo kuwa moja ya kazi njema kabisa za uhandisi wa karne iliyopita. Kuna watu wenye pumu wanaopumua vizuri zaidi leo kwa sababu yake, wala hawajui kwamba kazi hiyo ilifanywa.

Mwali mwembamba, lakini, hukaa ukingoni mwa kuzimika. Upepo kidogo unautikisa. Ule wa zamani ulikuwa na gesi ya kutosha katikati yake, ukitikiswa unatulia. Huu mpya hauna akiba. Ukiongeza au kupunguza hewa kidogo tu, unaruka.

Majaribio yetu ya kukabidhi yalifanyika kiangazi, na kila kitu kilikwenda sawa. Moshi ulipimwa, ukawa ndani ya kibali. Wakubwa walishikana mikono. Baada ya miezi michache baridi ikaingia.

Mtambo wa gesi ulio mzima una sauti yake: mluzi mkali wa kompresa juu, na chini yake uvumi wa hewa nyingi inayopita. Mtu huizoea hadi akaacha kuisikia. Usiku ule wa baridi, mzigo ulipopandishwa karibu na kilele, chini ya sauti ile ikazuka nyingine, nzito, ya namna ya kushika kifuani kabla haijafika masikioni. Vioo vya chumba cha kuendeshea mtambo vilianza kulia. Tukishusha mzigo kidogo, sauti inakatika ghafla, hainyamazi polepole. Tukiupandisha, inarudi ghafla vilevile, na hairudi pale pale ilipokatikia bali mbele kidogo. Nimeisikia mara nyingi baada ya hapo, katika mitambo mingine, na kila mara huzuka namna hiyo hiyo, haibishi hodi.

Wengi waliokuwa zamu walisema ni beringi. Si fikra mbaya. Shafti ya mtambo ule ilikuwa na tani nyingi za chuma, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, na jambo lolote likienda upande hapo mtu hutetemeka.

Palikuwa na mzee mmoja wa Mombasa pale kituoni. Alikuwa amefanya kazi melini miaka mingi hadi akawa mhandisi mkuu wa chombo, akaoa, akahamia mji wa bandari uliokuwa jirani na kituo, na sasa alikuwa fundi wa zamu. Sote tulimwita Chifu, hata Waingereza. Kwangu alikuwa rika la baba. Kabla ya kwenda baharini alipiga fidla katika kikundi cha taarabu kwao, na sikio lake lilikuwa bado sikio la mpiga fidla.

Nilipoingia zamu asubuhi moja nilimkuta amesimama kwenye ngazi za chuma, mkono kwenye reli.

"Shikamoo, Chifu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu weka mkono hapa. Wasikia?"

"Inatetema."

"Yatetema, naam. Sasa hawa wenzako wasema beringi. Shafti hii yazunguka vipi?"

"Elfu tatu kwa dakika."

"Mzigo ukipanda?"

"Elfu tatu."

"Ukishuka?"

"Hiyo hiyo. Imefungwa na gridi."

"Basi mbona sauti yapanda mzigo ukipanda?"

Alikuwa ameisikiliza usiku kucha. Mzigo ulipoongezwa, sauti ile ilipanda kidogo sana, chini ya nusu ya hatua moja ya muziki, kiasi ambacho mimi nisingekitambua hata ningeambiwa. Alikuwa ameandika kwenye daftari lake la zamu, megawati upande mmoja, na upande wa pili maneno "juu kidogo", "juu tena", "imeshuka". Shafti ya kituo cha umeme haina uhuru wa kubadili mwendo. Gridi nzima ya Uingereza inakwenda mara 50 kwa sekunde na shafti inakwenda nayo, mzigo uwe mwingi uwe mdogo. Kitu kinachotoka kwenye shafti au kwenye beringi zake hutetema kwa mwendo wa shafti, au kwa mafungu yake. Kinachobadilika mzigo unapobadilika ni joto la moto. Na mwendo wa sauti hufuata joto la gesi inamopita: katika hewa ya kawaida ni kama mita 340 kwa sekunde, katika gesi yenye nyuzi 1,500 ni kama mita 800. Moto ukizidi, sauti inakwenda mbio zaidi, inagonga ukuta na kurudi upesi zaidi, na sauti yake inapanda.

Kwa hiyo ulikuwa moto. Sijaona tena hoja safi kama ile ikijengwa kwa daftari na sikio, na nasema hivi nikiwa mtu ambaye maisha yangu yote yalikuja kuwa ya vipimo.

Vipimo vilikuja siku chache baadaye. Kihisi cha presha hakiwezi kuishi ndani ya chemba ya mwako, kwa hiyo mrija mwembamba wa chuma hutoa presha hiyo nje, kihisi hufungwa ubavuni mwa mrija, na kupita hapo mrija huendelea mita nyingi, umeviringishwa, ili wimbi liishie humo lisirudi kukichanganya kihisi. Kwenye skrini palionekana kilele kimoja chembamba kilichosimama juu ya nyasi za kelele za kawaida. Mahali pake palikuwa karibu na hezi 130. Mzigo ulipopandishwa kilele kilisogea kulia kidogo, kama Chifu alivyoandika.

Watu huniuliza, kelele tu inaweza kuvunja chuma? Ndani ya chemba ya mtambo kama ule presha ni kama mara 16 ya presha ya hewa tunayovuta. Mtikisiko wa asilimia moja tu ya presha hiyo, ambao kwenye geji ya kawaida huuoni kabisa, ni sawa na kelele ya desibeli 175 hivi. Binadamu huanza kuumia masikio kwenye 120 au 130, na kila desibeli 20 zinazoongezeka maana yake wimbi limekua mara 10. Chuma chembamba chenye joto jekundu hupigwa hivyo mara 130 kwa sekunde. Kwa saa moja ni mapigo karibu laki tano.

Maelezo ya kwa nini moto unaimba yalikuwepo tangu zamani, na hilo ndilo lililonichoma zaidi nilipoanza kusoma. Mwaka 1777 Bryan Higgins aliona kwamba mwali mdogo wa haidrojeni ukiingizwa ndani ya bomba la wazi unalia. Mwaka 1859 Pieter Rijke, profesa wa Leiden, aliweka wavu wa chuma uliopashwa moto ndani ya bomba lililosimamishwa, bomba likalia. Kisha mwaka 1878 Lord Rayleigh, aliyekuwa na maabara nyumbani kwake Terling, Essex, akatoa kanuni yenyewe. Wavuvi wa kwetu Tanga wakiteremsha ngalawa hungoja wimbi linyanyue chombo, ndipo wakasukuma kwa pamoja. Wakisukuma wimbi linaporudi nyuma, nguvu zote zinaishia mchangani. Rayleigh alisema joto na sauti vinakwenda hivyo. Joto likiongezwa pale gesi inapobanwa, sauti inapata nguvu. Likiongezwa pale gesi inapotanuka, sauti inakufa.

Terling haikuwa mbali sana na kituo chetu. Nilikwenda kijijini pale Jumapili moja bila shughuli yoyote, kuona tu.

Sasa tazama jinsi mtambo wetu ulivyotimiza kanuni ile. Wimbi la presha linazaliwa kwenye mwali, linakwenda hadi mwisho wa chemba, linagonga, linarudi. Likirudi linafika kwenye vichomeo, pale gesi inapoingizwa kwenye hewa. Linaizuia hewa kidogo, gesi inabaki vilevile, na kwa nukta ile mchanganyiko unakuwa mzito kuliko kawaida. Wimbi likivuta, hewa inapita kwa wingi na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Mapande hayo ya mchanganyiko, zito, jepesi, zito, jepesi, yanasafiri hadi kwenye mwali, na safari hiyo inachukua muda. Kama ni sentimita 20 kwa mwendo wa mita 50 kwa sekunde, ni sekunde nne za elfu. Pande zito likifika kwenye mwali wakati presha imepanda, joto linaruka, wimbi linasukumwa, na duru inayofuata ni kubwa kuliko iliyopita. Ukubwa huo unaongezeka hadi mwali ushindwe kufuata, na hapo ndipo unapotulia, ukiwa umeshafika kiwango cha kuvunja. Kama pande zito lingefika sekunde mbili za elfu mapema au baadaye, sauti ile isingezaliwa.

Na kwa nini baridi? Hewa ya nyuzi sifuri ni nzito kuliko hewa ya nyuzi 30 kwa karibu asilimia 10. Kompresa inavuta uzito zaidi, inautoa ukiwa na joto pungufu, mwali unasogea mahali pake, na ule muda wa safari unabadilika. Kiangazi mtambo ulikuwa upande salama wa kanuni ya Rayleigh. Baridi iliusogeza upande wa pili.

Tulizima mtambo mwanzoni mwa mwaka, tukaufungua. Niliingizwa ndani pamoja na fundi mwingine kwa sababu sote tulikuwa wembamba. Mfereji unaotoa moto chembani kuupeleka kwenye mapanga ya turbaini umeshikwa na vizuizi vya chuma chembamba kama karatasi ngumu, vyenye kazi ya kuziba hewa isipenye. Vilikuwa vimeliwa. Mahali pa bati mbili kugusana, moja ilikuwa imeitafuna nyenzake hadi mwanga wa tochi ukapita. Kwenye kona ya mfereji mmoja palikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Kipande cha chuma kikikatika pale hakina pa kwenda isipokuwa mbele, kwenye safu ya kwanza ya mapanga, ambayo bei yake inatosha kujenga shule. Mtambo ule ulikuwa bado mpya kabisa.

Mabishano yaliyofuata nayakumbuka kuliko hata ufa. Kila kichomeo cha aina ile kina mwali mdogo wa katikati, wa namna ya zamani, unaoitwa mwali wa kiongozi. Ukiuongezea gesi, unaushika mwali mkubwa na ngurumo inanyamaza. Ila mwali wa kiongozi ni wa moto sana, na oksidi za nitrojeni zinapanda pale pale. Tulijaribu mbele ya watu wa mauzo na watu wa mazingira. Skrini mbili zilikuwa zimewekwa bega kwa bega, kilele cha sauti kwenye moja, namba ya moshi kwenye nyingine, na kila tulipogusa valvu, moja ilishuka, nyingine ikapanda. Kibali kilisema 25. Kwa 25 mtambo unajivunja. Kwa 40 unatulia, lakini ni kuvunja sheria. Mtu mmoja wa mauzo alisema kelele haijaandikwa kwenye mkataba. Alisema kweli. Mkataba ulikuwa na kurasa za moshi, za megawati, za mafuta, hata za kelele inayotoka nje ya uzio kuwasumbua majirani, lakini neno moja juu ya sauti iliyo ndani ya chemba halikuwamo.

Nadhani nimemwelewa sasa kuliko nilivyomwelewa siku ile. Waliobuni vichomeo walikuwa mabingwa wa kemia ya moto na mtiririko wa hewa. Waliojua sauti walikuwa kwenye jengo lingine, wakishughulika na kelele za ndege. Mbio za kuuza mitambo safi zilikuwa kali, na hapakuwa na aliyeajiriwa kukaa katikati yao. Watu wa roketi walishapita njia hii kwa uchungu. Mradi wa injini ya F-1, iliyokuja kuwapeleka wanaanga mwezini, ulipoteza injini nzima kwenye majaribio mwaka 1962 kwa mtetemo wa namna hii hii, na wahandisi walikuja kulipua mabomu madogo ndani ya moto makusudi ili waone kama utatulia wenyewe. Majaribio ya kuitibu yalikuwa maelfu mawili hivi. Hayo yote yaliandikwa, na yalikuwa maktaba. Huko Cambridge, Ann Dowling, ambaye miaka mingi baadaye aliongoza idara nzima ya uhandisi pale, alikuwa akichapisha hesabu za miali inayonguruma ndani ya mifereji tangu kabla kituo chetu hakijawekwa msingi. Elimu ilikuwepo. Haikuwa imekaribishwa mezani.

Kwa majira yaliyobaki ya baridi tuliishi kwa kukwepa. Mzigo ulipitishwa haraka kwenye eneo la ngurumo, na usiku wa baridi kali kituo kiliuza umeme pungufu. Chifu alizidi kujaza daftari lake, safari hii akiwa na namba za kihisi pembeni ya maneno yake, na vijana wa Kiingereza wakaanza kumwendea kabla ya kwenda kwenye skrini.

Tiba yenyewe ilikuja na vichomeo vipya. Matundu ya gesi yalisogezwa karibu sentimita 5 kwenye baadhi ya vichomeo, vingine vikaachwa vilevile. Sentimita 5 kwa mwendo ule ni sekunde moja ya elfu. Mapande mazito hayakufika tena kwa pamoja. Mengine yalifika presha ikipanda, mengine ikishuka, na waliosukuma wakazuiliwa na wasiosukuma. Ubavuni mwa chemba yakafungwa makopo yenye shingo nyembamba, yaliyokatwa kwa kipimo cha hezi zile zile, ili hewa iliyo shingoni itetemeke kwa nguvu na kuimaliza sauti kwa msuguano. Ni kifaa kinachobeba jina la Hermann von Helmholtz, aliyekisoma karne ya 19. Ukipuliza juu ya mdomo wa chupa tupu umeshakisikia. Upande wa Ujerumani, katika miaka ile ile, wahandisi wa Siemens walikuwa wakifunga valvu za kasi zinazousikiliza moto na kuupelekea gesi ya kiongozi kinyume cha mapigo yake, mamia ya mara kwa sekunde, kwenye mtambo mkubwa unaofua umeme kweli. Nililisoma jambo hilo nikasimama nikatembea chumbani.

Baridi iliyofuata mtambo ulipanda hadi kilele na kilele cha sauti kwenye skrini kikabaki chini ya mstari. Moshi ulikuwa ndani ya kibali. Waliosimama mbele ya skrini safari hii hawakushikana mikono. Walikaa kimya wakingoja saa ipite, kisha ya pili.

Nilirudi nyumbani baada ya miaka kadhaa. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, ilikuwa imeanza kufua umeme Ubungo mwaka 2004, na baadaye likaja bomba kubwa la kutoka Mtwara, mwaka 2015, na vituo vya Kinyerezi. Nimewahi kuingia katika vituo vya aina hii katika nchi zetu kama mshauri, na jambo moja nimelikuta zaidi ya mara moja, nitalisema bila kutaja mtu. Mtambo unakuja na namba za mipangilio ya mwali zilizowekwa na mgeni. Mgeni anaondoka. Namba zinafungiwa kwenye kompyuta ambayo fundi wetu haruhusiwi kuigusa, na skrini ya sauti ya chemba, kama ipo, imegeuziwa ukutani. Mtambo ukianza kunguruma, barua pepe inatumwa ng'ambo na mzigo unapunguzwa kwa wiki kadhaa hadi mgeni arudi. Mtaani watu wanaambiwa kuna hitilafu ya kiufundi.

Hilo silikubali, na nimelipinga kila nilipopewa nafasi. Hewa ya Dar es Salaam ya Februari, yenye nyuzi zaidi ya 30 na unyevu unaoloanisha shati kabla ya saa mbili asubuhi, si hewa ya mahali mtambo ulikojaribiwa. Gesi yetu karibu yote ni metheni, ambapo ile ya Bahari ya Kaskazini ina etheni zaidi, na etheni huwahi kuwaka. Usiku wa Julai si mchana wa Februari. Kila kimoja cha vitu hivyo kinagusa ule muda wa sekunde chache za elfu, na muda huo ndio mambo yote. Mtambo uliotulia Ulaya umetulia Ulaya. Kuutuliza hapa ni kazi ya kufanywa hapa, na kurudiwa majira yakibadilika, na mtu anayefaa kuifanya ni yule anayeusikia kila siku.

Ninapofundisha vijana sianzi na hesabu. Nachukua bomba la chuma la mita moja, lililo wazi pande zote mbili, na kipande cha wavu wa chuma nilichokikunja na kukisukuma ndani hadi robo ya urefu kutoka chini. Naupasha wavu kwa jiko la gesi hadi uwe mwekundu, naliondoa jiko, nalisimamisha bomba. Linalia, sauti nene inayojaza chumba, na walioko nje huja mlangoni kuchungulia. Nalilaza, linanyamaza, kwa sababu hewa ya moto haipandi tena. Nalisimamisha, linalia. Kisha nausogeza wavu hadi nusu ya juu, naupasha tena. Halilii, wala halitalia hata uupashe vipi. Bomba ni lile lile na wavu ni ule ule, umesogea tu mahali ambapo joto lake linafika wakati usiofaa. Hapo nampa mmoja wao fimbo, namwambia ausogeze mwenyewe kidogo kidogo, atafute linapoanza na linapokoma. Nimeona macho ya kijana yakibadilika akiwa ameshika fimbo ile.

Baada ya hapo ndipo tunakwenda kwenye hesabu, na kutoka kwenye hesabu tunakwenda kwenye mikataba, maana bila mikataba hesabu haziwafikishi popote. Nawaambia wadai mambo matatu kabla hawajasaini kupokea mtambo wowote wa gesi. Vihisi vya sauti kwenye kila chemba, na skrini yake mbele ya fundi wa zamu. Rekodi ya sauti ya mtambo ukiwa mzima, kuanzia unapowashwa hadi mzigo wa mwisho, ichukuliwe mara mbili, msimu wa joto na msimu wa kipupwe, na ibaki mali ya kituo. Na haki ya mafundi wa kituo kujifunza kupanga mwali na kuupanga, pamoja na ufunguo wa ile kompyuta ya mipangilio. Katika kituo kimoja mwaka jana nilikuta vijana wameshaipata rekodi ya kipupwe, na walikuwa wakibishana kuhusu kilele kidogo karibu na hezi 140 ambacho mwezi uliopita hakikuwepo. Mmoja alisema ni kihisi. Mwenzake alikuwa tayari amefungua jedwali la mzigo kuangalia kama kinasogea.